Shakwe wa Jikoni kwa Jensine

Sindre Wiborg, msimamizi wa jumba la makumbusho, aliiweka ripoti ya maabara mezani, akainyoosha kwa viganja viwili ingawa haikuwa na kunyanzi hata moja.

"Nyeupe ya titani, Inspekta. Kwenye bawa la shakwe wa katikati. Rangi hiyo haikuwa ikiuzwa mahali popote mwaka 1912. Kwa hiyo kinachoning'inia ukutani kwangu hakikuchorwa na Severine Godø."

Inspekta Torbjørg Eikrem wa polisi ya Ålesund, pwani ya Norway, aliisoma ripoti yote, mpaka mstari wa chini kabisa wenye namba ya simu ya maabara. Alikuwa na tabia hiyo, na iliwachosha wenzake. Ilikuwa Jumatano asubuhi. Ijumaa saa nane mchana mwendesha mashtaka angetaka jibu moja: Eldar Rogne ashtakiwe kwa wizi na udanganyifu, au aachwe aende zake.

"Walichukua sampuli ngapi?"

"Moja."

"Moja? Milango miwili ya kabati, shakwe saba, bahari nzima?"

"Kila sampuli ni jeraha, Inspekta. Huwezi kuidonoadonoa picha kama kuku. Walikwangua juu kidogo tu. Unachagua nyeupe kwa sababu nyeupe haijui kudanganya."

Torbjørg aliandika *juu kidogo tu* kwenye daftari lake, kisha akageuka kuutazama ukumbi. Maonyesho yalikuwa tayari, ila mlango ulikuwa umefungwa na karatasi imebandikwa nje kuwaomba watu radhi. Humo ndani mlikuwa na vitu thelathini na vinane, vyote vya mkono mmoja, na haikuwa rahisi kuamini. Kulikuwa na vipande vya dari, kibao cha jina la meli, karatasi za makopo ya dagaa, pazia la jukwaa lenye milima ya zambarau, vigae vya jiko la kuni, na kifuniko cha pipa la viazi chenye uso wa mwanamke uliopasuliwa katika pembetatu za kijani. Severine Godø alipanda majukwaa ya ujenzi pamoja na wanaume mji ulipojengwa upya baada ya moto wa 1904. Baadaye alikaa Paris msimu mmoja wa baridi, akarudi na rangi zilizowachekesha majirani, na mwaka 1918 homa ya Kihispania ikamchukua. Baada ya hapo hakuna aliyemtaja kwa miaka sabini, hadi mpaka-rangi mmoja wa nyumba alipoanza kuokota kazi zake kwenye mabanda ya kuku.

Mpaka-rangi huyo ndiye Eldar Rogne. Na hapo ndipo palipouma, kwa sababu kila kilichokuwa ukumbini kilipita mikononi mwake kwanza. Kama milango ya kabati ni bandia, nani angeapa kuhusu pipa la viazi?

"Nieleze tena unavyoona wewe," alisema Torbjørg.

"Eldar aliichukua milango hii Oktoba kutoka jikoni kwa Bibi Jensine Dyb, kule Godøya. Ilikuwa hapo tangu ichorwe. Akakaa nayo karakana kwake wiki tano. Anasema aliisafisha. Mimi nasema alinakili, akatuletea nakala, na asili ameificha." Sindre alivua miwani akaifuta. Macho yalikuwa mekundu. "Usidhani nafurahi. Nimeacha kazi Oslo kwa ajili ya huyu mama Severine. Katalogi imeshachapwa."

"Na Jensine anasemaje?"

"Nilimpigia mwenyewe. Nikamuuliza kama picha imewahi kupakwa rangi upya. Akasema haijaguswa tangu enzi za mama mkwe wake. Macho yake hayaoni vizuri, hawezi kututhibitishia kama hii ndiyo yenyewe. Lakini haijaguswa. Sasa titani imetoka wapi?"

Torbjørg alivaa glavu akaisogelea milango. Miamba ilikuwa ya kahawia na buluu, imepakwa nyembamba kiasi kwamba mishipa ya ubao ilionekana. Bahari vilevile. Alipowafikia shakwe, kidole kilipanda ngazi. Walikuwa wameinuka juu ya ubao kwa unene wa sarafu mbili, laini, wa mviringo, kama vitumbua.

"Hawa wamenona," alisema.

"Ni mkono mzito, ameutoa Paris. Nimeandika kurasa mbili juu ya unene huo kwenye katalogi."

Torbjørg aliinamisha kichwa, akaitazama milango kwa upande ambako mwanga wa dirisha uliikwaruza. Mistari ya brashi kwenye miamba ilikwenda kila upande. Kwenye shakwe ilikwenda juu chini, juu chini, shakwe wote saba, hata yule aliyelala ubavu hewani. Aliandika hilo pia.

Karakana ya Eldar ilikuwa Skarbøvika, karibu na maji, imebanwa kati ya vibanda viwili vya mashua. Alimkuta ameketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, hafanyi kitu. Kwa mpaka-rangi, mwezi wa Mei, kukaa bila kufanya kitu ni ugonjwa.

"Umekuja na pingu?"

"Nimekuja na maswali. Inuka kidogo, Eldar, nataka kuona rafu ya nyuma yako."

Kwenye rafu kulikuwa na makopo mawili ya nyeupe ya titani, moja limefunguliwa. Nyuma ya rafu, zimeegemezwa ukutani na kufunikwa gunia, kulikuwa na mbao kumi na moja. Torbjørg alizigeuza moja moja. Zote zilikuwa na shakwe saba, miamba na bahari.

"Haya," alisema Torbjørg. "Nisaidie. Maana mtu mwingine akiingia humu atasema kesi imekwisha."

"Na iishe. Nimenakili, ndiyo. Kumi na moja hizo, na nyingine nimezichoma. Tangu mwaka wa tisini na tano nilikuwa nakwenda kwa Jensine kumpakia ukuta wa nje, nakunywa kahawa naitazama ile milango, halafu narudi hapa najaribu. Mtu akikupita ufundi unafanya nini? Unamfuata nyuma mpaka ujue anaweka wapi mguu."

"Wiki tano ulifanya nini?"

"Maji ya vuguvugu, sabuni ya kijani kidogo, na pamba yenye mate."

"Mate?"

"Hakuna kinachotoa masizi ya jikoni kama mate, we cheka tu. Wiki tano, mdomo ulikauka mpaka mke wangu akadhani nimepata kisukari."

Torbjørg hakucheka, lakini alilazimika kuangalia pembeni. Akachukua ubao mmoja akapitisha kidole. Shakwe wa Eldar walikuwa bapa, sawa na bahari.

"Hawa wako mbona wamekonda?"

Eldar alisimama. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile alionekana mzima.

"Hapo ndipo aliponishinda! Miamba kaigusa mara moja akaondoka. Bahari mara moja. Huyu mwanamke hakuwa na muda wa kurudia, alikuwa na dari mbili za kumaliza na meli inasubiri jina. Halafu shakwe kawarundika kama siagi. Kwa nini? Miaka thelathini najiuliza. Nikiweka nene inapasuka. Nikiweka nyembamba haifanani. Sijui alifanyaje, na wala sioni haya kusema."

"Mtu anayetengeneza nakala ya kudanganya angejua alifanyaje."

"Mimi ningekuwa najua ningekuwa nimelala usingizi." Aliketi tena juu ya ndoo. "Sikiliza, Torbjørg. Jela si hoja. Nina miaka sabini na moja, watanipa chumba chenye joto kuliko hiki. Lakini mimi nikianguka, yeye anaanguka nami. Watazirudisha kazi zake mabandani. Hilo siwezi kulibeba."

Njia ya Godøya inapita chini ya bahari, na ukitoka upande wa pili unapokewa na upepo. Siku hiyo ulikuja na harufu ya rangi. Zilibaki siku kumi kufika tarehe kumi na saba, sikukuu ya taifa, na kisiwa kizima kilikuwa nje na brashi: huyu uzio, yule fremu za madirisha, mwingine mlingoti wa bendera. Simu ya Torbjørg ililia. Ilikuwa ujumbe wa mumewe ukiuliza kama madirisha ya sebuleni atapaka yeye mwaka huu au wamsubiri Mungu. Aliizima.

Jensine Dyb, miaka tisini na mmoja, alimfungulia kabla hajagonga.

"Wewe ni Eikrem wa wapi? Wa duka la kamba?"

"Ni babu yangu, bibi."

"Alikuwa bahili yule. Ingia, mwanangu. Vua viatu."

Jikoni kulikuwa na kahawa na svele, chapati laini za moto, zilizopakwa siagi na sukari. Juu ya sinki kulikuwa na kabati bila milango, vikombe vimekaa uchi. Torbjørg alikula ya kwanza bila kuuliza kitu, maana angeuliza kabla ya kula angefukuzwa.

"Bibi, ile milango. Nani amewahi kuigusa?"

"Hakuna. Nilimwambia yule bwana wa Oslo. Anaongea kama anasoma redioni."

"Eldar?"

"Eldar anaigusa kwa macho. Miaka yote hiyo anaingia hapa, ananisalimia mimi, anamwangalia Severine. Marehemu mume wangu alikuwa akimtania, anasema, Eldar, ukitaka kumposa umechelewa miaka themanini."

"Severine mwenyewe mlimjua?"

"Marthe, mama mkwe wangu, ndiye aliyemjua. Severine alikuja hapa kupaka jikoni, Marthe bado bi harusi. Akapaka kuta, akapaka milango, akaacha na hiyo picha bila kuombwa. Hodari sana, alikuwa akisema Marthe. Ila shakwe hakuwaweza. Walitoka vibaya, ikabidi wasaidiwe kidogo."

Torbjørg aliweka kikombe chini polepole. Upepo baridi ulimgusa shingoni. Aligeuka kutafuta unakotoka. Dirisha la kando ya sinki halikuwa limefungwa vizuri. Alisimama akalisukuma. Halikuingia. Fremu ilikuwa imevimba kwa rangi, nyeupe juu ya nyeupe juu ya nyeupe, mpaka pembe zake zilikuwa mviringo.

"Halifungi hilo tangu mwaka wa tisini," alisema Jensine. "Rangi imelishiba."

"Unapaka kila mwaka?"

"Kila mwaka kabla ya tarehe kumi na saba. Sasa macho hayapo, napaka kwa vidole. Mwaka jana bado nilipaka. Mwaka huu sijui, yule binti wa manispaa ameninyang'anya ngazi."

"Unapaka nini na nini?"

"Vyeupe vyote. Fremu, mlango, rafu, boriti ile. Ukipaka kimoja ukaacha kingine kinaonekana cha njano, aibu kwa mgeni." Alimsukumia svele ya pili. "Mwaka niliovunja nyonga, themanini na saba, sikupaka kitu. Ungeliona jiko lilivyokuwa! Rafu za njano, mlango wa njano, shakwe wa njano kama wamepata homa ya ini."

Torbjørg hakuinua kichwa. Alijua kuwa akikurupuka bibi angejifunga.

"Kwa hiyo shakwe nao huwa unawapaka."

"Si weupe?"

"Kila mwaka?"

"Nitawaacha wachafu? Nimeolewa hapa mwaka hamsini na sita, Mei iliyofuata Marthe akanipa brashi, akaniambia fremu, mlango, rafu, shakwe. Hivyo hivyo."

"Bibi Jensine. Uliniambia hakuna aliyeigusa picha."

Jensine alimgeuzia macho yake yenye ukungu, ameudhika kweli.

"Picha sijaigusa! Nimesafisha vyeupe."

Torbjørg alicheka. Alicheka mpaka akashika meza, akaomba radhi, akacheka tena. Kisha akaomba kalamu, kwa sababu yake ilikuwa imedondoka.

"Wakati wa vita, Marthe alipaka?"

"Wajerumani walikuwa wamepiga marufuku tarehe kumi na saba. Marthe akasema, kama hakuna sikukuu hakuna rangi, nyumba na ivae majivu. Kuanzia arubaini mpaka arubaini na nne. Mwaka arubaini na tano walitangaza amani tarehe nane, na tarehe tisa Marthe alikuwa juu ya ngazi. Hiyo ndiyo hadithi yake aliyopenda kuliko zote."

"Na alianza lini?"

"Mwaka uliofuata harusi. Kumi na tatu."

Torbjørg aliandika namba kwenye ukurasa mmoja, akauchana, akaukunja mara nne.

Alhamisi saa nne asubuhi walikuwa wanne kwenye chumba cha ukarabati nyuma ya ukumbi. Sindre alikuwa mezani na hadubini. Eldar alikaa karibu na mlango na koti lake hajalivua, mikono imebanwa katikati ya magoti. Jensine alipewa kiti chenye mto, akasema ni kigumu.

"Shika karatasi hii," Torbjørg alimwambia Sindre. "Usiifungue. Kata kipande kwa shakwe wa katikati. Siyo kukwangua juu. Ushuke mpaka kwenye ubao, ukilaze ubavu, utuhesabie."

"Nimeshasema kila sampuli ni—"

"Jeraha. Najua. Hii itaponya."

Alikata kwa kisu chembamba, kipande kisichozidi punje ya ufuta. Alikigandisha kwenye kioo, akakiweka chini ya hadubini, akarekebisha lenzi.

"Sema," alisema Torbjørg.

"Kuna... kuna tabaka. Nyeupe, mstari wa masizi, nyeupe, mstari wa masizi." Alisogeza lenzi. "Ni kama keki."

"Hesabu kutoka juu."

Alihesabu kwa sauti, na ilichukua muda mrefu. Jensine alianza kuhesabu naye, akimtangulia. Alipofika thelathini na saba Sindre alisita.

"Hapa masizi ni mazito maradufu, na nyeupe iliyo chini yake imegeuka njano."

"Nyonga yangu," alisema Jensine.

"Endelea."

"Moja, mbili, tatu..." Alifika arubaini na mbili. "Hapa kuna masizi matupu. Mengi. Sijawahi kuona hivi."

"Wajerumani," alisema Jensine.

Sindre aliendelea, sasa sauti imeshuka. Chini ya masizi hayo alihesabu ishirini na saba, na aliona kwamba nyeupe ya chini haikuwa tena na ung'avu uleule. Ilikuwa nyeupe ya zinki, ya kizamani. Aliinua kichwa.

"Fungua karatasi," alisema Torbjørg.

Aliikunjua. Iliandikwa: *37, mwaka mmoja bila. 42, miaka mitano bila. 27.*

Aliisoma mara mbili. Kisha akainuka, akamwendea Eldar, na kijana huyo wa Oslo ambaye alikuwa hajamsalimia mzee tangu aanze kumshuku Machi akamshika mkono, akashindwa kuuachia.

"Nisamehe, Eldar. Titani ilikuwa ya jikoni. Ya kila mwaka. Hakuna mtu anayeweza kutengeneza hiki kwa wiki tano. Hii ndiyo milango yenyewe."

Eldar aliitikia kwa kichwa. Alitoa pumzi ndefu, ile ya mtu aliyefikisha mzigo ghorofani, na mabega yake yakashuka mahali pake. "Kwa hiyo si mkono mzito," alisema mwishowe. "Miaka thelathini nahangaika na unene, kumbe ni Jensine."

"Na Marthe," alisema Jensine. "Usimsahau Marthe."

"Na mimi nimeuandikia kurasa mbili," alisema Sindre, akajifunika uso. Kwa mara ya kwanza tangu ripoti ile ifike, watu walicheka ndani ya jumba lile, naye mwenyewe akiwemo.

Torbjørg peke yake hakuwa amemaliza. Alikuwa ameinama kwenye hadubini.

"Sindre. Chini ya ile ya ishirini na saba, kabla ya ubao, hiki ni nini?"

Sindre alirudi akatazama. Alitazama sana.

"Eldar," alisema, bila kuinua uso. "Njoo."

Eldar alivua koti. Akalikunja, akaliweka kitini, akafuta mikono kwenye suruali kama anayekwenda kumsalimia mtu. Kisha akaweka jicho kwenye lenzi.

Chini ya tabaka mia moja na sita za nyeupe palikuwa na uzi mmoja wa rangi, mwembamba kama ule wa miamba na bahari, umewekwa mara moja tu. Ulikuwa mwekundu. Si wa matofali wala wa damu. Mwekundu wa jua linapozama Julai, umechangamka kana kwamba brashi imeondoka jana.

"Aliwapaka wekundu," alinong'ona Eldar. "Shakwe wekundu. Godøya. Mwaka 1912."

"Mchungaji alikuja kunywa kahawa akacheka," alisema Jensine. "Marthe aliniambia hilo, ila hakusema alicheka nini. Nilidhani shakwe walikuwa na miguu mirefu."

Torbjørg alichukua daftari, maana utaratibu ni utaratibu. "Swali la mwisho kwa faili. Kwenye mbao zako kumi na moja, Eldar, shakwe ni rangi gani?"

"Weupe."

"Wote?"

"Wote. Na zile nilizochoma pia. Ningejuaje?"

"Ungejuaje," alisema Torbjørg. Aliandika jibu, akaweka tarehe na saa, akafunga daftari. Mwendesha mashtaka asingehitaji kusubiri mpaka Ijumaa.

Eldar alikuwa bado hajatoa jicho kwenye lenzi. Machozi yalikuwa yakishuka puani na hakuyafuta. "Miaka thelathini nimempenda, na nilikuwa nimemjua nusu."

Sindre aliuliza kwa sauti ya chini kama waanze kuuondoa weupe. Wote wakamtazama Jensine. Alikaa wima, mkoba mapajani, na ilionekana analipima jambo hilo kwa haki.

"Sitini na saba ni zangu hizo," alisema. "Nimezipaka na mtoto mgongoni, nimezipaka na mume yuko baharini. Mtazibandua?"

"Mmoja tu," alisema Eldar haraka. "Yule wa katikati, ambaye tayari kajeruhiwa. Wale sita wabaki na nguo ulizowavika. Yake na yako, zote mbili ni kazi, Jensine. Watu waone zote."

Jensine alinyoosha mkono. Eldar alimwinua, akamwongoza mpaka kwenye hadubini, akamsaidia kuinama. Daktari alishasema jicho lile halioni kitu ila mwanga na rangi kali.

Alikaa hapo kwa muda.

"Ninamwona," alisema. "Eldar, ninamwona."